Nani alihesabu? Historia fupi ya bega la mwanasarakasi

Najua nimepotea. Si mnajua tena mambo ya chuo, testi zimefululizana kama daladala za asubuhi, na bumu nalo limekuja likaondoka kabla sijalisalimia vizuri. Leo nimerudi na insha. Msikimbie jamani! Siyo ile ya mapinduzi ya viwanda. Ni historia ya bega. Ndiyo, bega, hili hili la kubebea begi.

Ilianza hivi. Rumeti wangu ni mwanasarakasi. Kwenye karatasi ni mwalimu mtarajiwa wa Fizikia na Hisabati, kama mimi nilivyo wa Historia na Kiswahili, lakini jioni na wikiendi utamkuta uwanjani na vijana wenzake, kichwa chini miguu juu. Wakipata bahati wanaitwa hotelini au kwenye sherehe kutumbuiza. Hela yenyewe ni kidogo, ila mwezi ambao bumu limekata, hiyo ndiyo inayotununulia mchele.

Kazi yangu mimi pale uwanjani ilikuwa moja tu: kushika simu na kuhesabu. Jamaa anasimama kwa mkono mmoja, mimi nahesabu kwa sauti: "kumi na nane, kumi na tisa, ishirini!" Wengine wanadakia, anashuka, tunapiga makofi, anarudia. Rekodi yake ni sekunde 22. Naikumbuka kwa sababu mimi ndiye niliyeiandika.

Jumamosi moja akaanguka vibaya. Mwili ulikwenda mbele, mkono ukabaki nyuma, bega likachomoka. Mkubwa wa kikundi hakupoteza muda. Alimlaza chali, akamwekea kisigino kwapani, akavuta mkono mpaka tukasikia "ko!" Tukashangilia kama tumefunga goli. Jioni ile rumeti alikula ugali kwa mkono wa kushoto, akasema yuko poa. Wiki tatu alisema yuko poa, manake kulikuwa na onyesho mbele. Siku ya onyesho akapanda, na bega likachomoka tena, safari hii mbele ya wageni.

Hospitali alitupokea mama mmoja mtaalamu wa tiba ya viungo, mpole kweli. Baada ya kulishika bega akauliza: "Mwanangu, ile wiki kabla hujaanguka, ulisimama kwa mikono mara ngapi?"

Rumeti akanitazama mimi. Si mimi ndiye mhesabuji? Sekunde zote nilikuwa nazo kwenye simu. Mara ngapi, sikujua.

"Na lilianza kuuma lini?"

Hapo rumeti akainamisha kichwa. "Lina kama miezi miwili, mama. Lilikuwa linauma kabla."

Miezi miwili! Nalala naye chumba kimoja, nakula naye sahani moja, na sikuwa na habari.

Sasa wiki hiyo hiyo mhadhiri wetu akatupa kazi: chagua kitu kidogo cha kila siku, kitafutie historia, manake historia si ya marais na vita peke yake. Wenzangu wamechukua chumvi, baiskeli, kanga. Mimi nikachukua bega la mwanasarakasi. Swali langu lilikuwa lile la yule mama: nani alikuwa anahesabu, na alikuwa anahesabu nini? Yafuatayo ni yale niliyoyapata, nimeyaweka kwa lugha ya hapa barazani.

BEGA LENYEWE

Kabla hatujaenda mbali tuelewane kuhusu bega. Nyonga ni kama mchi ndani ya kinu, umezama, hautoki ovyo. Bega ni kama chungwa juu ya kisahani. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa, kisahani chake ni kidogo na hakina kina. Na kisahani chenyewe hakijatulia, kiko kwenye ule mfupa bapa wa mgongoni unaoteleza juu ya mbavu kila unapoinua mkono. Kinacholizuia chungwa lisidondoke ni mfuko wa kano na misuli midogo minne inayolikumbatia pande zote. Ndiyo maana mkono wako unafika popote, kujikuna mgongo, kurusha jiwe, kufunga kanga. Na ndiyo maana bega ni kiungo kikubwa kinachoongoza mwilini kwa kuchomoka. Uhuru wake na udhaifu wake ni kitu kimoja.

Sasa mpe mtu huyo bembea. Rumeti alinipigia hesabu nyuma ya hendauti, akisema hii ni ya kidato cha sita. Mtu akining'inia ametulia, mikono inabeba uzito wake. Akibembea kuanzia pale kamba ilipolala sawasawa na upeo, akipita chini kabisa mikono inabeba mara 3 ya uzito wake. Mtu wa kilo 60 anakuwa kama wa kilo 180. Ning'iniza magunia matatu ya mahindi ya kilo 60 kwenye yale machungwa mawili, halafu urudie mara 50 kwa siku. Hapo hujamweka mwenzake wa kumdaka.

PARIS, 1859: GODORO NA WAVU

Sarakasi ya uwanja wa duara tunayoijua ilianzia London mwaka 1768 na Philip Astley, askari wa zamani aliyekuwa mtaalamu wa farasi. Hatari ya siku zile ilikuwa farasi. Bega liliingia rasmi kwenye historia tarehe 12 Novemba 1859, Paris, kwenye ukumbi wa Cirque Napoléon, siku ambayo kijana Jules Léotard aliruka kutoka bembea moja kwenda nyingine angani. Baba yake alikuwa na jimu huko Toulouse, na kijana alijifunzia juu ya bwawa la kuogelea. Akikosa bembea, anadondokea majini. Ukumbini hakuna bwawa, kwa hiyo chini yake yalitandikwa magodoro.

Zingatieni hilo. Kinga ya kwanza ilikuwa ya kuanguka. Maji, godoro, na baadaye, kuanzia miaka ya 1870, wavu. Na ni sawa, manake mtu akianguka watu wote wanaona. Lakini wavu haulindi bega. Mtu anaweza kuruka miaka kumi bila kuanguka hata mara moja, na bega likawa linaliwa taratibu kama mchwa wanavyokula mwimo wa mlango. Rangi bado inang'aa, ndani hakuna kitu. Kuna kuumia kwa kishindo na kuna kuumia kwa kuchakaa, na sarakasi iliiona ile ya kwanza peke yake kwa karibu miaka mia moja.

MWANAMKE ALIYEHESABIWA

Hapa ndipo nilipokutana na Lillian Leitzel, na sikulala vizuri usiku ule.

Leitzel alizaliwa Breslau mwaka 1892, mji ambao leo ni Wrocław, Poland. Akawa nyota mkubwa kabisa wa sarakasi ya Ringling Brothers and Barnum & Bailey huko Marekani. Alikuwa mfupi, hafiki hata mita moja na nusu. Onyesho lake lililowajaza watu lilikuwa hili: anapandishwa juu, anashika kitanzi kwa mkono mmoja, halafu anaupindua mwili mzima juu ya bega lake mwenyewe, mzunguko baada ya mzunguko. Ili mwili upite, kila mzunguko bega lilikuwa linachomoka kidogo na kurudi. Kila mzunguko! Na watazamaji huku chini walikuwa wanahesabu kwa sauti. Hamsini. Hamsini na moja. Kwa kawaida alifika mizunguko mingi kuliko hiyo, na rekodi inayotajwa ni 249.

Niliposoma hapo nikaweka simu chini. Maelfu ya watu wanahesabu, na hakuna hata mmoja anayehesabu bega. Nikajiona mimi pale uwanjani na sekunde zangu 22.

Mwisho wake mnaweza kudhani ni bega. Siyo. Tarehe 13 Februari 1931, akiwa Copenhagen, Denmark, kile kipande cha chuma kinachozunguka pale kamba ilipofungwa kilikatika. Akaanguka, na tarehe 15 akafariki. Chuma kilikuwa kimechoka. Wahandisi wanajua jambo hili: chuma hakisubiri mzigo mkubwa, mzigo mdogo ukirudiwa mara nyingi unakichanja ufa mdogo ndani, ufa unakua, siku moja kinaachia. Siku hiyo watu husema ni bahati mbaya. Lakini kilianza kuachia zamani.

Kano za bega nazo zina tabia inayofanana na hiyo, ila zina neema moja ambayo chuma hakina. Zikipewa mzigo kwa kiasi na muda wa kupumzika, zinajijenga upya na kuwa imara zaidi. Zikinyimwa muda, uchakavu unazidi ujenzi. Kinga yote ya bega imejengwa juu ya sentensi hizo mbili.

Mume wa Leitzel, Alfredo Codona, alikuwa mfalme wa bembea, maarufu kwa kupiga samasoti tatu hewani kabla ya kudakwa. Yeye wavu ulikuwa chini yake. Mwaka 1933 aliumia bega, misuli ikachanika, na hakuruka tena.

DAKTARI ALIYEHESABU MAKOSA

Miaka hiyo hiyo, Boston, alikuwepo daktari mmoja mbishi kweli, Ernest Amory Codman. Wazo lake lilikuwa rahisi mpaka likawaudhi wakubwa: hospitali imfuatilie kila mgonjwa baada ya kutoka, iandike kama alipona au hakupona, na kama hakupona, kwa nini. Hospitali kubwa hazikutaka. Akafungua yake ndogo. Kati ya 1911 na 1916 ilipitisha wagonjwa 337, na yeye mwenyewe akaandika na kuchapisha makosa 123. Hebu fikirieni mtu anayetangaza makosa yake mwenyewe! Alikufa mwaka 1940 bila kuona wazo lake likishika nchi nzima.

Sasa kwa nini namleta kwenye insha ya bega? Kwa sababu Codman ndiye huyo huyo aliyechapisha mwaka 1934 kitabu kikubwa kuhusu bega, na alikuwa miongoni mwa wa kwanza kushona kano zilizochanika za ile misuli minne. Mwaka mmoja tu baada ya Codona kuacha kuruka. Watu wawili, nchi moja, bega moja, na sijaona popote kwamba walikutana. Elimu ya bega ilikuwepo, na tabia ya kuhesabu maumivu badala ya makofi nayo ilikuwepo. Haikuwa imefika kwenye hema.

SHULE INA DAFTARI

Kitu kilichoileta hemani, kwa maoni yangu, ni shule. Zamani mtoto wa sarakasi alifundishwa na baba yake. Baba ndiye mwalimu, ndiye bosi, ndiye anayegawa chakula. Mtoto akisema linauma, anamwambia nani?

Mwaka 1927 Moscow ilifunguliwa shule ya sarakasi ya serikali, ya kwanza duniani. Hapo mwanafunzi akawa mwanafunzi, ana mtaala, ana madarasa. China nayo ilikuwa na mapokeo yake ya karne nyingi, msingi wake ni mambo manne: kiuno, miguu, kusimama kwa mikono, na kupiga samasoti. Bega linajengwa kwa kusimama kwa mikono kila siku kabla mtoto hajaruhusiwa kufanya mbwembwe yoyote.

Na hapa wadau historia inagonga hodi nyumbani. Katikati ya miaka ya 1960 serikali ya Mwalimu Nyerere ilipeleka vijana wa Kitanzania China kusomea sarakasi. Waliporudi ndio walioanzisha Kikundi cha Taifa cha Sarakasi mwaka 1969. Baadaye vikundi vya taifa vikavunjwa, na mwaka 1981 kikaanza Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho tangu 2007 kinaitwa TaSUBa. Piramidi za watu mnazoziona kwenye sherehe, mmoja juu ya mabega ya mwenzake, zina ndugu zake huko. Ila vikundi vya mtaani vilirithi mbwembwe kuliko msingi. Ile miezi ya kusimama ukutani bila makofi haikufika uwanjani kwetu. Sisi tulianzia kwenye sekunde.

Mwaka huo huo wa 1981 shule ya taifa ya sarakasi ilianzishwa Montréal, Kanada. Ufaransa ikaanzisha kituo chake cha taifa mwaka 1985, katika mji wa Châlons. Australia nayo ikaja kuifundisha sarakasi kwa ngazi ya shahada, Melbourne. Na chuo, ndugu zangu, kina kitu ambacho hema halina: daftari la mahudhurio. Mwanafunzi akikosekana Jumatatu lazima iandikwe kwa nini. Zikikusanyika "kwa nini" za miaka mitano, mtu mwenye akili anakaa chini anazijumlisha.

Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti uliojumlisha miaka mitano ya Cirque du Soleil: wasanii 1,376 waliopata majeraha 18,336 kwenye mazoezi na maonyesho. Namba inatisha, lakini nyingi ni ndogo ndogo. Kwenye maonyesho kiwango kilikuwa majeraha 9.7 kwa kila mara 1,000 msanii anapopanda jukwaani, chini ya 15.2 ya wasichana wa jimnastiki wa vyuo vya Marekani waliolinganishwa nao. Yaani hawa wanaopaa kwenye kamba, wenye wataalamu wa viungo nyuma ya pazia, waliumia kwa kiwango cha chini kuliko wanafunzi wa jimnastiki! Baada ya hapo zikaja tafiti za wanafunzi wenyewe wa shule za sarakasi, na bega limekuwa likijitokeza miongoni mwa sehemu zinazoumia sana, hasa kwa wanaoning'inia na wanaosimama kwa mikono.

Je, bega linakingika kweli au tunafarijiana? Ushahidi ulionishika vizuri si wa sarakasi, ni wa mpira wa mikono huko Norway, ambao nao unalitesa bega kwa kurusha. Timu 45, wachezaji 660. Nusu walipewa mazoezi ya bega ya kama dakika 10 wakati wa kupasha mwili, mara tatu kwa wiki, wengine wakaendelea na ya kwao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017: waliofanya mazoezi walikuwa na uwezekano wa kupata matatizo ya bega pungufu kwa asilimia 28. Hakuna mashine ya mamilioni hapo. Dakika kumi.

WANAFANYAJE?

Nimekusanya yale ambayo yule mama alitufundisha na ambayo shule za sarakasi leo zinayafuata. Kama una mdogo wako anayeruka ruka, mpe asome.

1. Pasha bega lenyewe, siyo miguu tu. Zungusha mikono, sukuma ukuta, tembea kwa mikono na magoti, vuta mpira laini ukigeuza mkono kwenda nje. Bega likiwa baridi lisipewe uzito.

2. Ukining'inia, lisilale. Anayeanza huning'inia masikio yamezama mabegani, mzigo wote unakaa kwenye kano. Afundishwe kuushusha ule mfupa bapa wa mgongoni kidogo, shingo itokeze, ili misuli ibebe. Ndipo afundishwe kubembea.

3. Sukuma na vuta visawazishwe. Anayesimama kwa mikono siku nzima anasukuma tu, wa kamba anavuta tu. Upande ulioachwa ndio utakaokuangusha.

4. Panda ngazi moja moja. Bega haliogopi kazi, linaogopa kazi iliyoongezeka ghafla. Mtu aliyepumzika mwezi wa mitihani akirudi na dozi ile ile ya zamani, huyo anajitafutia.

5. Usirudie mbinu ngumu ukiwa umechoka. Ile "ya mwisho, ya mwisho kabisa" ndiyo yenye balaa. Rumeti alianguka kwenye ya mwisho.

6. Mwenye viungo laini kupita kiasi asisifiwe tu. Yule ambaye mikono inapinda mpaka watu wanashangaa, yeye anahitaji nguvu zaidi ya kunyooshwa.

7. Likichomoka, usivute! Ile ya kisigino kwapani siyo uvumbuzi wa mkubwa wetu wa kikundi. Imeandikwa kwenye maandishi ya Hippocrates, Mgiriki wa miaka kama 2,400 iliyopita. Lakini humo kwapani inapita mishipa ya damu na ya fahamu, na mfupa unaweza kuwa umevunjika bila wewe kujua. Funga mkono kwa kanga kama ulivyo, nenda hospitali. Na usirudi uwanjani wiki ijayo. Kijana ambaye bega limechomoka mara ya kwanza yuko kwenye hatari kubwa ya kuchomoka tena. Sisi tumeona.

8. Andika. Siyo sekunde. Andika mara ngapi, umechoka kiasi gani, linauma au haliumi.

ILA KUNA JAMBO MOJA

Nilimsomea rumeti insha yote, nikajisikia profesa. Akanisikiliza mpaka mwisho, mkono uko kwenye kitambaa shingoni, akasema:

"Kaka, umeandika vizuri. Lakini hiyo namba nane yako ni ya watu wenye mshahara. Mimi nikisema linauma, nafasi yangu anapewa mwingine. Sasa niandike ili iweje?"

Nikakosa jibu. Manake ni kweli. Leitzel alijua fika bega lake linafanya nini. Makofi ndiyo yaliyomlisha. Na rumeti alikaa kimya miezi miwili siyo kwa ujinga, ni kwa hesabu: linauma kiasi hiki, mchele bei kiasi hiki. Mchele ule nilikula na mimi. Unaweza kumpa mtu daftari zuri namna gani, kama kusema ukweli kunamnyima chakula ataandika "poa" kila siku.

Kwa hiyo tulienda kwa mkubwa wa kikundi, mimi na rumeti. Tulimsalimia vizuri, tukamwambia: "Braza, tunaomba sheria moja. Anayesema linauma kabla ya onyesho asipoteze mgawo wake. Apige ngoma, ashike kamba, apokee wageni, lakini mgawo apate." Alikataa. Alisema watoto watadeka, kila mtu ataumwa siku ya onyesho. Tukabishana karibu saa nzima. Mwisho akakubali nusu: mgawo nusu, na kwa majaribio ya miezi mitatu. Sikufurahi sana lakini nikasema nusu si haba. Ajabu ni kwamba wiki ya kwanza tu, watoto wawili walijitokeza. Mmoja bega, mmoja kifundo cha mkono. Walikuwa nayo siku nyingi. Mkubwa alinyamaza kidogo, halafu akaniuliza daftari linauzwa shilingi ngapi.

Siwadanganyi kwamba mambo yamekuwa mazuri. Rumeti hajarudi kusimama kwa mikono, na yule mama amesema huenda akahitaji upasuaji kama bega litaendelea kulegea. Hela hatuna. Hilo liko hewani bado, na mwezi huu tunakula maharage kwa sana.

Ila nimebadilika kwenye jambo moja. Muhula ujao naenda mazoezi ya kufundisha. Nitasimama mbele ya darasa, nitauliza "mmeelewa?" nao wataitikia "ndiyooo!", na mimi ningeweza kuondoka nimefurahi. Sasa najua kwamba hiyo ndiyo "poa" yenyewe. Nitawapa kwanza sababu ya kutoogopa kusema hapana, halafu ndiyo nihesabu.

Kazi yangu pale uwanjani bado ni kuhesabu. Ukurasa wa jana unasomeka hivi: kusukuma ukuta, mara 30. Kuvuta mpira, mara 30, kulegeza. Kusimama kwa mikono, hakuna. Maumivu: kidogo, usiku. Hiyo "usiku" kaiandika mwenyewe, kwa mkono wa kushoto, hati mbaya kama ya daktari.

Haya wadau, mmekaa sana. Kuna yeyote aliyepita mikononi mwa wale wazee waliosomea China? Au mwenye mjomba aliyekuwa kwenye vikundi vya taifa? Nataka kujua walikuwa wanalitunzaje bega, manake wao walilijua na sisi tumelisahau. Niandikieni hapo chini. Mimi nawahi kantini kabla wali haujaisha.

Alamsiki.